Mashine ya Kutikisa Mawe

Jumatatu, 4 Februari

Dada yangu,

Kabla hujauliza: tuko wazima, mguu wa wifi yako umepona, paa halijavuja. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa kitako nikueleze jambo ambalo hapa mtaani kwetu watu wanalizungumza mpaka wanasahau chai inapoa.

Nimeunda mashine.

Najua umeshaanza kucheka. Cheka umalize, nakungoja.

Niliishia darasa la sita, hilo halina siri. Lakini leo wasomi wanakuja dukani kwangu na feni zao kwapani kama watu waliobeba wagonjwa. Wiki iliyopita alikuja mhandisi mzima, kalamu tatu mfukoni, feni yake haizunguki. Nikaipuliza tu kwa mdomo. Ikazunguka. Akaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia swali hilo asiniulize mbele ya watu, asije akajionea aibu.

Mashine yenyewe kazi yake ni kutikisa mawe. Unatia jiwe baya, la kutupia mbwa, linatoka liking'aa kama kioo cha saluni. Zipo za kununua, mteja mmoja alinionyesha picha. Lakini kununua ni kazi ya mtu asiyejua kitu. Sikia nilivyoiunda.

Mota nimeitoa kwenye feni ya mezani ambayo mwenyewe aliisusa. Kwenye ekseli ya mota nimefunga kipande cha chuma upande mmoja tu, upande wa pili hakuna kitu, kwa hiyo ikizunguka inayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Mota hiyo nimeifunga chini ya beseni, na beseni limesimama juu ya springi nne nilizochomoa kwenye kochi la mwenye nyumba. Alikuwa amelitupa, asikudanganye mtu. Beseni ni la wifi yako, na hilo tuliache kwanza. Ndani unatia mawe, maji kidogo, na unga mkali wa kusugulia. Unga huo nautengeneza mwenyewe kwa kuponda diski chakavu za kukatia vyuma. Mota inayumba, springi zinacheza, mawe yanasuguana yenyewe kwa yenyewe siku nzima huku mimi nimekaa nakunja nne. Unaanza na unga mnene, wenye punje kubwa, unaosha kila kitu, unatia mwembamba, unaosha tena, mwisho unatia ule laini kama poda. Ikibaki punje moja tu ya unga mnene, inachora mawe yote, kazi imekufa. Ndiyo maana naosha kama daktari wa upasuaji.

Kujaribu nimeshajaribu. Nilitia kokoto za mferejini. Kinyozi jirani yangu alichukua moja akaiegemeza ukutani, wateja wake sasa wanajitazama humo, na kile kioo chake amekitia chini ya kitanda.

Kwa hiyo nina ombi. Lile kopo lako la mawe. Miaka ishirini na mbili uliwabebea wajenzi wa barabara fimbo ya kupimia, na kila barabara ilipoisha wenzako walipewa vyeti, wewe ukaokota jiwe. Nitumie. Nitakurudishia yaking'aa hata gizani. Tangu tuzaliwe sijakufanyia kitu zaidi ya kukupa kazi ya kunitetea kwa baba. Nipe nafasi hii.

Mdogo wako,
Injinia
(ndivyo wanavyoniita hapa, si mimi niliyeanza)


Jumatano, 20 Februari

Mdogo wangu,

Mimi nasema, binti yangu anaandika, maana kifundo cha mkono kinanisumbua. Ukikuta neno tamu humu ujue ni lake.

Hiyo ya kinyozi imenichekesha. Halafu nikakumbuka ile redio yako iliyokuwa inashika stesheni ya mbinguni. Nikakumbuka mlango wa kujifunga wenyewe, uliojifunga ukiwa wewe ndani, mpaka baba akaubomoa kwa shoka. Na baiskeli ya kusaga nafaka, ambayo gurudumu lake moja nasikia mpaka leo linazuia kuku wasitoke. Injinia, nitajie kitu kimoja ulichokianza ukakifikisha mwisho. Ndoa usiitaje, hiyo anaimaliza wifi yangu.

Hata hivyo mawe nimekutumia. Kopo ni lilelile la biskuti, nimelivika gauni langu kuukuu lisigongwegongwe njiani. Nimempa mume wa jirani, anayeendesha lori la simenti na kupita huko kwenu kila mwezi. Usiyamwage. Usimgawie mtu hata moja, wala huyo kinyozi. Nayataka yote yarudi.

Hujawahi kuniomba kitu isipokuwa msamaha. Ndiyo maana nimeshindwa kukunyima.

Dada yako


Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu,

Kopo limefika, gauni nalo limefika. Wifi yako amelijaribu. Usiniulize kama linamtosha, mimi bado nataka kula nyumbani.

Sikupoteza hata saa moja. Ninapoandika haya ni siku ya tatu mawe yako yamo ndani ya beseni, na yanaimba. Mwanzoni yalikuwa yakigombana kama watu kwenye foleni ya maji. Sasa yamepatana, yanatoa sauti moja nzito, mmm, kama mtu anayekubali unachosema. Mtaa mzima umeizoea. Jana nilizima kidogo ili nioshe, mtoto mchanga wa nyumba ya pili akaanza kulia, mama yake akaja mbio kunisihi niwashe. Mwenye nyumba naye ameleta kiti chake anakaa karibu na mashine, anasema mtikisiko unamtoa maumivu ya kiuno. Nimemwambia akae, ila asiegemee.

Lile jeusi lenye mdomo kama wa bata, mdomo umekwisha. Lile jekundu lilikuwa na pembe mbaya kama jino bovu, sasa limekuwa duara kama yai. Lile refu lenye ufa, ufa huuoni tena, hata uutafute kwa tochi. Nikimaliza hutayatambua, Dada. Utasema nimekuletea mengine.

Kuhusu mkono wako, nakutumia chupa ya dawa ya kuchua. Paka asubuhi na jioni, ila usiinuse. Nilimpaka fundi cherehani begani, siku ya pili akashona suti sita na akalalamika kazi zimemwishia.

Umeniuliza nilichokianza nikakifikisha mwisho. Safari hii unacho.

Mdogo wako,
Injinia


Jumatano, 13 Machi

Mjomba, shikamoo.

Naandika haya kiwandani, kwenye mapumziko ya saa sita, kwa sababu nyumbani kila barua ni lazima nimsomee Mama, na hii sitaki aisikie.

Mjomba, Mama haoni. Sasa haoni kabisa. Ni presha ya macho, iliondoka na jicho la kushoto mwaka juzi na la kulia likafuata kabla ya mwaka jana kwisha. Mkono wake hauna tatizo lolote. Ile dawa yako ya kuchua tumempa jirani mwenye mgongo, naye anakushukuru.

Mama ndiye aliyekataa usiambiwe. Alisema: "Huyo akijua leo, kesho mtaa wake wote utajua, na keshokutwa kwenye hadithi zake nitakuwa nimeshazikwa." Nikanyamaza. Na mimi nina kosa langu hapo.

Sasa kuhusu mawe. Kila siku nikirudi kazini nilikuwa namkuta ametandika taulo mezani na kuyamimina yote. Anachukua moja, analizungusha kwa kidole gumba, anagusa pembe zake, kisha anasema: hili la daraja la chuma, siku ambayo mpishi aliunguza maharage na mhandisi akala yote kwa heshima. Hili la kilima cha upepo, ndipo fimbo ilipovunjikia mkononi. Hili lenye mdomo ni la ile barabara waliyoijenga mwaka mzima kisha wakaambiwa si hapo. Hakosei hata moja. Kitabu hawezi kusoma tena, picha haoni. Alikuwa anasoma mawe.

Utaniuliza kwa nini basi aliyatoa. Nami nilimuuliza. Akanijibu, naandika kama alivyosema: "Mpe. Ile mashine haitafanya kazi. Atakaa nayo mwezi mmoja, ataleta kisingizio, mawe yangu yatarudi kama yalivyoenda, na yeye atakuwa amefurahi kwamba nilimwamini."

Halafu ikaja barua yako ya tarehe nne. Nilipofika pale pa "duara kama yai" aliweka kikombe chini. Nikamaliza kusoma, akaweka mikono mapajani. Kisha akatabasamu, Mjomba, sikudanganyi, akasema: "Basi kwa mara ya kwanza amemaliza kitu." Tangu siku ile taulo halijatandikwa.

Nakuomba zima mashine. Kama yapo ambayo bado yana pembe, yatoe. Hata matano.

Mpwa wako


Ijumaa, 22 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Mashine imezimwa. Mawe yamo ndani ya kopo, na kopo lipo juu ya kabati ambapo hata wifi ya mama yako hafiki. Hilo lisikupe wasiwasi.

Mmenitenda vibaya. Mwaka mzima na zaidi mnanificha maradhi ya ndugu yangu wa tumbo moja, na mimi huku namtumia dawa ya kuchua kama mpumbavu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ningekuja. Ningekuja hata kwa miguu, na unajua mwaka ule nilitembea siku nne na gunia mgongoni. Basi, zilikuwa mbili. Na gunia lilikuwa tupu. Lakini ningekuja.

Nina patasi nzuri. Naweza kulipiga jiwe likapata pembe upya. Nimekaa tangu juzi nafikiria pembe zilikaa wapi. Lakini najua atagundua. Mtu aliyeshika fimbo ya kupimia miaka ishirini na mbili humdanganyi kwa kipimo.

Nijibu jambo moja. Aliposema "kwa mara ya kwanza amemaliza kitu", alisema hivyohivyo? Au wewe ndiye uliyeongezea tabasamu ili nisiumie? Niandikie alivyokaa alipokuwa anasema.

Mwache kwanza asijue kwamba najua. Nina jambo natafuta namna ya kulisema.

Mjomba wako


Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya kwa binti nimesomewa mimi. Mtoto huyu hajui kuficha, alikuja nayo mezani akiwa kimya kama mtu aliyevunja sahani. Nikamwambia soma. Amesoma yote, na ya gunia tupu pia.

Basi sasa unajua, na mimi najua kwamba unajua, tupumue. Usimlaumu mpwa wako, aliyetaka ufichwe ni mimi. Na usilie, maana nakujua, unalia kwa sauti mpaka wateja wanaondoka. Macho yangu yaliondoka polepole kama wageni wenye adabu, yaliaga kila siku kidogo. Chai napika mwenyewe. Ninachokosa ni kusoma tu.

Sasa mawe. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo patasi iweke chini kabla hujajikata kidole. Yalete yakiwa yanateleza hivyohivyo. Nitayajifunza upya kwa uzito, na yale ya mto ni baridi kuliko ya mlima, kwa hiyo sianzi na mikono mitupu. Nikishindwa kuyatofautisha, basi yatakuwa mawe mazuri ya mdogo wangu, na hilo nalo ni jina.

Umemuuliza binti kama nilisema kweli. Nilisema. Nitakwambia zaidi. Kliniki ninakokwenda tunangoja daktari kwenye benchi refu, sote tukitazama upande mmoja bila kuona kitu. Ijumaa iliyopita niliwasimulia mashine yako. Feni, springi za kochi, beseni la wifi. Nikatia chumvi kidogo, si unajua tumenyonya ziwa moja. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari akasema huyo mdogo wako ana kichwa. Nikamjibu: anacho. Miaka yote hii nimekuwa nikisema nina mdogo wangu fundi, halafu naomba moyoni mtu asiulize ni fundi wa nini. Ijumaa nilitamani waulize.

Kwa hiyo usisikitike. Mawe nimeyatoa, nimepata kitu.

Dada yako


Jumanne, 9 Aprili

Dada,

Hii ni barua ya tano kuiandika. Nne za kwanza zilikuwa nzuri kuliko hii. Katika moja nilikuwa nimeyaokoa mawe kwenye moto.

Mawe yako hayakuingia kwenye mashine. Hata moja. Hata kwa dakika moja.

Siku ile niliyokuandikia yanaimba, kopo lilikuwa mezani mbele yangu, nimelifungua, nimeyatazama, nikatunga. Nilitunga hayo ya mdomo wa bata na ya duara kama yai. Mtoto mchanga hakulia. Mwenye nyumba alikuja na kiti, ni kweli, lakini alikuja kukaa kwenye kivuli. Kinyozi bado anatumia kioo chake, na kile cha chini ya kitanda nilikitia mimi huko kwa kalamu.

Mashine nayo ilikuwa hivi. Mota ya feni ilikuwa dhaifu. Beseni likiwa tupu lilitetemeka vizuri, nikaita watu. Nilipotia mawe na maji mota ikaguna, ikapata moto, ikayapasha mawe maji ya kuoga, ikanuka, ikafa. Nikatoa mota kwenye pampu ya maji iliyooza upande mmoja. Hiyo ina nguvu. Nilipoiwasha, mashine iliruka mezani, ikatembea sakafuni hadi mlangoni, ikatoka nje na kokoto zangu, waya ukachomoka ikasimama mbele ya kinyozi na wateja watatu. Walicheka mpaka aliyekuwa ananyolewa akakatwa sikio. Kidogo tu.

Kwa hiyo nikaifunga. Nilichukua nyaya nene nikalifunga beseni juu ya meza, nyaya nane, kila moja nimeikaza kwa koleo, isinitoroke tena mbele za watu. Nikawasha. Meza ikatikisika. Ukuta ukatikisika, saa ikaanguka. Mawe yametulia ndani ya beseni kama wageni sebuleni. Siku nne niliiacha iwake. Nikatoa kokoto, nikaziosha, nikazifuta kwenye shati. Zilikuwa kokoto zilizooga.

Hapo ndipo mashine ilipokuwa siku kopo lako lilipofika. Nikasema moyoni, wacha niandike kwanza kwamba imefanya kazi, kisha niifanye ifanye kazi, tarehe zitapatana zenyewe. Ndivyo nilivyoishi, Dada. Naandika risiti kwanza, bidhaa baadaye.

Barua ya binti ilipofika nilitakiwa niseme siku ileile. Ni mstari mmoja tu: mawe ni mazima, nilidanganya. Lakini alikuwa ameniandikia ulivyotabasamu. Miaka hamsini na moja nimeitafuta sentensi ile kwako, nimeitafuta kwa redio na kwa mlango na kwa baiskeli, na imekuja kwa kitu ambacho hakikutokea. Nikisema kweli unapata mawe, sentensi inaondoka. Nikinyamaza, sentensi inabaki, mawe yanakaa juu ya kabati langu. Mpwa wangu alinisihi niokoe hata matano, na mimi nilikuwa nayo yote. Nikamjibu habari za patasi.

Halafu ukaandika kuhusu benchi la kliniki. Nilisoma pale uliposema umepata kitu, nikaona nimekuibia mara mbili.

Jana nilishusha kopo. Nikafumba macho nikachukua jiwe, nikazungusha kidole gumba kama binti alivyoeleza. Sikujua ni lipi. Nikachukua jingine, nikaona yote ni mawe tu. Nilikaa nayo mpaka wifi yako akaniuliza kama naumwa, nikamwambia najifunza kusoma.

Nimeyarudisha kwenye kopo kama yalivyokuja, na pembe zake zote. Gauni wifi yako amekataa kulitoa, amekutumia khanga. Dereva wa simenti anaondoka Alhamisi. Kliniki waambie ukweli, au waambie mdogo wako amefariki, utakavyoona wewe.

Kuhusu mashine sina la kuongeza.

Nisamehe. Najua ndilo neno ninaloliomba siku zote.

Mdogo wako


Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva alilileta kopo Jumatatu. Binti alitaka alifungue yeye, nikamwambia atandike taulo kisha akae pembeni.

Yapo yote. La daraja la chuma lipo, na lile la bata lina mdomo wake. Nilianza na moja moja, nikamwambia binti hili la wapi, hili la wapi, naye kwenye lile refu akalia kidogo kwa sababu nilimwonyesha ufa kwa kidole chake mwenyewe. Kesho yake nikasoma tena. Sikukukasirikia hata kidogo mpaka siku ya pili, hapo nikakukasirikia sana, nikasema maneno ambayo binti amekataa kuyaandika. Yamekwisha. Nilikuwa nimesema mashine haitafanya kazi na utaleta kisingizio. Badala ya kisingizio uliniletea kweli, ikanikuta sijajiandaa.

Lakini chini kabisa mwa kopo, kwenye ncha ya khanga, limo moja nisilolijua.

Ni dogo, linaenea kwenye kiganja. Si la barabara yangu yoyote, mimi mawe yangu nayajua. Nimelizungusha kutwa nzima nikitafuta pa kuanzia. Halina pembe, halina mkwaruzo, hata mahali ambapo kucha ingekwama hapana. Punje moja ya unga mnene ingechora, uliniandikia hivyo, na hapa haikubaki hata punje. Mtu aliosha, akaosha, akaosha tena. Linateleza mpaka naogopa kulidondosha, nalala nalo ndani ya soksi.

Ijumaa nilikwenda nalo kliniki. Kwanza niliwaambia ukweli, kwamba nilichowasimulia hakikuwepo, wakacheka, mzee wa magari akacheka kuliko wote. Kisha nikampa jiwe. Akalizungusha, akalizungusha tena. Likapita mkono kwa mkono benchi zima, daktari akaita jina langu mara tatu. Nesi anayeona alisema ni la kijani, mfagiaji akasema ni la kijivu. Sikuwabishia.

Nilimwambia binti asome tena barua yako ya tarehe tisa. Akasoma yote, ya mota iliyonuka, ya sikio la mteja, ya nyaya nane ulizozikaza kwa koleo. Nikamwambia rudia, pengine umeruka mstari. Akarudia. Hakuna. Hukuandika neno hata moja kuhusu jiwe hili.

Ulizifungua zile nyaya, sivyo? Uliiacha itembee itakako ili mawe yasuguane, watu wacheke.

Usinijibu. Miaka hamsini na moja umenisimulia vitu ambavyo havikuwepo. Hiki kipo mkononi mwangu na umekaa kimya, nami kwa kimya hicho nimekuamini.

Dada yako